Vigo ikishuka Mombo usukani unatetemeka: pedi tu, au na diski zake?

#1 MbogaMlalo
Wakuu, salaam.

Nina Hilux Vigo KUN25 ya dizeli. Kazi yake ni mboga: kabichi, karoti na hoho kutoka huku milimani Lushoto kushuka Mombo, na soko likichangamka nafika nayo Tanga mjini. Pedi za mbele zinakwisha haraka mno. Sasa umeongezeka ugonjwa mwingine: nikishaipita Soni, kila nikigusa breki usukani unatetemeka mikononi. Asubuhi breki zikiwa baridi, hakuna kitu, inasimama vizuri.

Fundi wa kwanza kasema diski zimepinda, ninunue mpya. Wa pili kasema diski ni nzima, zichongwe tu, mchawi ni pedi za bei chee. Dukani nimekuta pedi za aina tatu. Za juu bei yake inapita mara tatu ya zile za chini, na muuzaji hana maelezo zaidi ya "hii ndiyo orijino, bosi".

Naomba msaada: pedi gani inafaa gari la mzigo kwenye mteremko mrefu? Na nikibadili pedi, ni lazima nibadili na diski?

#2 Kipanya_wa_Segera
Nimekaa siti ya mbele kabisa. Mafundi wa humu njooni.

#3 DerevaWaScania
Kijana, kabla hujatoa hata shilingi, nijibu: unashuka na gia ya ngapi? Mimi nimeshusha magari ya mizigo Kitonga miaka mingi na sheria ni ileile, gia uliyopandia ndiyo ya kushukia. Vijana wa siku hizi mnashuka na namba nne mguu umekaa kwenye breki toka juu mpaka chini, halafu mnailaumu pedi.

#4 MbogaMlalo
Shikamoo mzee wangu. Nashuka na ya tatu, kwenye zile kona za kubana naweka ya pili. Kuachia gari fri sijawahi, nina watoto.

#5 DadaSpea
Marahaba kwa niaba ya mzee, ha ha. Mimi nauza spea, kwa hiyo nitasema upande wa dukani.

Ukija dukani usiseme "nipe pedi za Vigo". Njoo na namba ya chesesi. KUN15 ya tairi mbili na KUN25 ya foo bai foo hazifanani mbele, na kila wiki kuna mtu anarudisha boksi kwa sababu hiyo. Kwa Toyota, namba ya kipuri ikianza na 04465 hizo ni pedi za mbele. Breki shuu za nyuma zinaanza na 04495, diski za mbele 43512. Ukiuziwa boksi limeandikwa vingine huku muuzaji akiapa ni Toyota yenyewe, uliza mara mbili.

Na boksi lisikudanganye. Boksi linachapishwa popote. Toa pedi nje uitazame: maandishi ya mgongoni yasomeke, kingo ziwe zimekatwa sawa, nyama isiwe na nyufa wala mapengo pale inaposhikana na bati, na pedi zote nne ziwe na alama ileile ya toleo. Nimeshaona seti moja yenye pedi mbili za rangi tofauti ndani ya boksi lililofungwa na gundi ya kiwandani.

#6 TurboTimer
Dada hapo juu kasema vizuri ila kaacha kitu kikubwa. Ubavuni au mgongoni mwa pedi kuna herufi mbili, FF, GG, EE. Wewe wa mlimani tafuta GG, maliza kazi. GG ndiyo ngumu kuliko zote, haiishi.

#7 Kipimo
#6, nusu kweli nusu chumvi.

Herufi hizo zinaonyesha pedi inang'ang'ania kiasi gani, hazisemi itadumu muda gani. Herufi ya kwanza ni pedi ikiwa katika joto la kawaida, ya pili ikiwa moto sana. E ni msuguano wa 0.25 hadi 0.35, F ni 0.35 hadi 0.45, G ni 0.45 hadi 0.55. Kwa mtu wa Lushoto ya kuangalia ni herufi ya pili. Pedi ya FE inashika vizuri mjini, ikichemka inalegea. FF inabaki palepale. GG inaweza kuwa pedi bora na inaweza kuwa pedi inayoitafuna diski yako kama panya. Herufi peke yake haikuambii.

Alama nyingine ya maana ni R90 pamoja na herufi E iliyozungushiwa duara. Ni kanuni ya kule Ulaya, inataka pedi mbadala isipishane na ile ya kiwandani kwa zaidi ya asilimia 15 katika kushika. Lakini hata alama inaghushiwa, kwa hiyo tunarudi kwa muuzaji unayemwamini.

#8 Mr_Chukuchuku
Leo ndiyo najua pedi zina herufi. Mimi yangu ina herufi moja tu, K, ya "Kwisha".

#9 MbogaMlalo
Asanteni sana. #7, kuna hizi wanaita seramiki na hizi zenye chuma. Dukani kaniambia seramiki ndiyo ya kisasa.

#10 Kipimo
Seramiki ina utulivu, haipigi kelele, haichafui rimu kwa vumbi. Kwa gari la ofisini ni raha. Zenye chuma nyingi zina unga wa chuma ndani yake, theluthi mpaka zaidi ya nusu ya uzito wake, zinavumilia joto la mzigo na zinalitoa haraka, ila zina makelele na zinakula diski zaidi. Kwa mboga zako mimi ningechukua zenye chuma, herufi FF, kampuni inayojulikana. Wengine watakupinga.

#11 TurboTimer
Nakupinga. Prado ya shemeji ina seramiki tangu ameinunua, anaenda nayo Upareni kila Desemba, na haijawahi kulalamika.

#12 Kipimo
Shemeji anabeba kabichi?

#13 MwalimuFizikia
Nimepita tu, lakini swali limenivuta. Hebu tupige hesabu.

Lushoto mjini ni kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, Mombo ni kama 400. Unashuka mita 1,000 ndani ya kilomita 30 na kitu. Gari na mzigo tuseme tani 3. Nishati inayotakiwa kupotea ni 3,000 mara 9.8 mara 1,000, karibu juli milioni 29. Lita moja ya dizeli ina kama milioni 36. Maana yake kila safari unachoma joto la zaidi ya robo tatu ya lita ya dizeli kwenye breki, injini na upepo kwa pamoja. Injini ikibeba sehemu kubwa, sawa. Isipobeba, joto lote linaishia kwenye vyuma viwili vya mbele na madramu mawili ya nyuma. Hakuna pedi ya duka lolote itakayokwepa hesabu hiyo. Punguza mwendo kabla ya kona, punguza mzigo.

#14 Mr_Chukuchuku
Mwalimu, tani 3 umemhurumia. Huyu anabeba lumbesa. Muulize gunia zake zina "kilemba" au hazina.

#15 MbogaMlalo
Mimi napakia wanachofunga wakulima... tuishie hapo, trafiki nao wanasoma humu. Niliongeza vipande vya springi nyuma ili isikae chini.

#16 Uluguru4x4
HAPO! Umesema neno kubwa kwa kupitia tu.

Juu ya ekseli ya nyuma ya Hilux, kwenye fremu, kuna valvu ya breki yenye kimkono kinachoshuka mpaka kwenye ekseli. Kazi yake ni kupima mzigo. Gari likilemewa, fremu inasogea karibu na ekseli, mkono unasukumwa juu, valvu inafungulia nyuma mafuta zaidi. Gari likiwa tupu, inabana nyuma ili tairi zisijifunge. Sasa wewe umeongeza springi, nyuma imenyanyuka. Una tani ya kabichi lakini valvu inaona gari tupu. Breki za nyuma zinapewa kidogo, za mbele zinabeba mzigo wote. Utanunua pedi za dhahabu na zitaisha. Rekebisha mkono wa valvu uendane na springi mpya, ndipo uje uulize habari za pedi.

#17 DerevaWaScania
Hayo ya valvu sikatai. Ila huwezi kuniambia usukani unatetemeka kwa sababu ya valvu ya nyuma. Kutetemeka ni diski.

#18 Uluguru4x4
Mzee, diski imefikaje huko? Kwa kuchemka. Inachemka kwa nini? Kwa sababu iko peke yake.

#19 SalimMuscat
Salaam kutoka Oman. Huku tuna mlima wa Jebel Akhdar, na kutoka Birkat al-Mawz kwenda juu polisi wanaweka kizuizi, gari lisilo foo bai foo halipiti. Sababu kubwa ni kushuka. Hilux ni nyingi sana njia hiyo na wenyeji wanashuka kwa gia nzito, breki wanaigusa na kuiachia, hawaikalii. Chini watu wanasimama kando ya barabara magari yananuka breki, na karibu wote ni wageni wa mjini.

Ninachotaka kumuuliza mwenye uzi: ukifika chini Mombo unafanya nini? Unasimama ghafla na kukandamiza breki zikiwa moto?

#20 MbogaMlalo
Kuna geti la ushuru wa mazao, pale lazima usimame, na foleni ipo. Halafu vijana wa kuosha magari wako palepale, mara nyingi naacha wanapiga maji huku mimi nakunywa chai.

#21 SalimMuscat
Basi una matatizo mawili kwa wakati mmoja, sheikh wangu. Ukisimama na mguu kwenye breki diski ikiwa moto, pedi inaacha tabaka la nyama yake mahali palepale ilipokandamiza. Diski inakuwa na doa nene. Baadaye doa hilo likipita kwenye pedi unasikia mtetemo, na watu wanasema "imepinda". Mara nyingi haijapinda, ina unene usio sawa. Na maji baridi kwenye chuma cha moto yanaleta nyufa. Hapo getini tumia handibreki kidogo au weka gia, acha mguu wa breki upumzike.

#22 Karakana_Nakuru
Jirani yenu kutoka Kenya. Habari ya diski kutopinda naikubali nusu. Sisi tunaziweka kwenye mashine ya kuchonga na tunaziona kwa macho zikicheza. Lakini ukweli mwingine ni huu: mara nyingi diski inacheza kwa sababu ilifungwa juu ya habu (kitovu cha tairi, diski inapokaa) yenye kutu. Kiwango kinachokubalika cha kucheza ni kama milimita 0.05, nusu ya unene wa karatasi ya daftari. Ganda dogo tu la kutu nyuma ya diski linatosha kukizidi. Ukibadili diski bila kusugua habu kwa brashi ya waya, umebadili pesa tu.

Nati za tairi pia. Fundi akikaza upande mmoja kwa nguvu zote na upande mwingine kwa huruma, diski inabanwa vibaya. Kaza kwa kuvuka, nati moja na inayoitazama.

Kuhusu kuchonga: pembeni au ndani ya kofia ya diski pamechapwa MIN TH na namba ya milimita. Huo ndio mwisho. Pima kwa kipimo, sio kwa kidole. Ikibaki nene kuliko hapo hata baada ya kuchongwa, chonga. Kama haibaki, tupa. Diski nyembamba inachemka haraka na tunarudi kwa hesabu ya Mwalimu #13.

#23 Kipanya_wa_Segera
Uzi umekuwa chuo. Hivi mafuta ya breki nayo vipi? Mimi niliambiwa nikiweka DOT 5 namba kubwa ndiyo bora, breki hazichemki.

#24 Kipimo
Usithubutu! DOT 5 ni silikoni, haichanganyiki na mafuta yaliyomo kwenye gari lako. Ukitaka namba kubwa kuna DOT 5.1, hiyo ni ukoo mmoja na 3 na 4.

DOT 3 mpya inachemka kuanzia nyuzi 205, ikishakunywa unyevu inashuka hadi 140. DOT 4 ni 230 na 155. Mafuta ya breki yananyonya maji kutoka hewani hata ukiwa umelala, ndiyo maana yanabadilishwa kama kila miaka miwili. Mafuta yakichemka ndani ya bomba unapata mvuke, mvuke unabonyea, mguu unazama mpaka chini na gari haisimami. Mwenye uzi, yako mara ya mwisho yalibadilishwa lini?

#25 MbogaMlalo
Tangu niinunue, yanaongezwa tu.

#26 DadaSpea
Yesu na Maria.

#27 MbogaMlalo
Leo fundi kafungua mbele. Nimeweka picha. Kushoto, pedi ya ndani imeisha mpaka bati, na imeisha kwa mshazari, juu bado kuna nyama kama ya kidole, chini chuma kinasugua chuma. Kulia zote mbili ziko nusu. Diski ya kushoto ina mistari unaweza kuisikia kwa kucha, na rangi ya bluu imezunguka kama pete. Ya kulia inang'aa kawaida.

#28 Karakana_Nakuru
Sasa tunaongea. KUN25 kalipa yake (kile chuma kinachobana pedi kwenye diski) ina pistoni nne, mbili kila upande, na haitembei. Pedi kuliwa kwa mshazari upande mmoja maana yake pistoni moja imekwama kwa kutu au vumbi, pacha wake anafanya kazi. Hiyo bluu ni joto. Seti ya sili na usafi, pistoni yenye kutu ibadilishwe. Diski badili zote mbili, usibadili ya kushoto peke yake.

#29 TurboTimer
Au bomba la mpira la kushoto limeoza ndani. Linapitisha mafuta kwenda, kurudi linakataa, breki inabaki imeshika. Nimeona kwenye gari la baba, walibadili kalipa nzima na bado ikashika.

#30 Karakana_Nakuru
Inawezekana. Njia ya kujua: nyanyua tairi, kanyaga breki, achia. Tairi ikiwa nzito, fungulia ile nipeli ya kutolea upepo. Mafuta yakiruka na tairi ikaachia, mafuta yalinaswa, angalia bomba. Ikibaki nzito, ni pistoni.

#31 Uluguru4x4
Na nyuma je? Hamtaki kufungua nyuma?

#32 Mama_L200
Samahani naingilia. Yangu ni L200, nayo pedi ya ndani inaisha kabla ya nje. Ni hizo pistoni?

#33 Kipimo
Hapana dada, yako kalipa yake inatembea juu ya pini mbili. Pini zikikauka inashika upande mmoja. Zitoe, safisha, paka grisi ya breki ya silikoni. Fundi akileta grisi ya beringi mkatalie, inavimbisha zile raba. Na akitaka kupuliza vumbi kwa upepo wa kompresa, toka hapo na watoto watoke. Zamani pedi na shuu zilitengenezwa kwa asbesto, vumbi lake linaua mapafu taratibu, na kwa spea zisizojulikana zilikotoka huwezi kuapa kwamba haimo. Kitambaa chenye maji kinatosha.

#34 MbogaMlalo
Mrejesho. Tumefungua nyuma kama alivyong'ang'ania #31. Shuu za kushoto zimelowa oili ya difu, sili ya ekseli imekufa. Kulia kavu, lakini kirekebishi cha kusogeza shuu kimeshika kutu, shuu ziko mbali na dramu. Ndiyo maana handibreki ilikuwa inapanda mpaka juu.

Ile valvu nimeiona. Mkono wake haujafika kwenye ekseli, kuna mtu aliufunga kwa waya kabla sijanunua gari.

Nimechukua pedi zenye chuma, FF, na diski mbili zenye namba inayoanza na 43512. Sili na shuu za nyuma zinakuja kesho kutoka Tanga. Nikifunga pedi mpya nazianzaje?

#35 Uluguru4x4
NILISEMA. Nyuma hakuna breki.

#36 DerevaWaScania
Umesema valvu, imeonekana sili. Hizo ni kesi mbili.

#37 Kipimo
Kuzianza: diski zioshe kwanza, zinakuja na mafuta ya kuzuia kutu. Tafuta barabara tupu tambarare, toka 60 punguza mpaka 10 bila kusimama kabisa, rudia mara kumi hivi, halafu endesha kidogo bila breki zipoe. Usizianzie mteremkoni na mzigo. Mafuta ya breki badili yote, na upepo utolewe mpaka kwenye ile valvu, nayo ina nipeli yake.

#38 Karakana_Nakuru
Mimi bado nasimama na pistoni. Shuu kulowa nyuma hakuwezi kula pedi kwa mshazari upande mmoja wa mbele. Uliijaribu ile nipeli?

#39 MbogaMlalo
Fundi alishafungua kalipa kabla sijasoma #30. Pistoni moja ilitoka kwa nyundo. Bomba tumebadili pia, kwa sababu lilikuwa na nyufa.

#40 TurboTimer
Kwa hiyo hatutajua kamwe. Safi sana.

#41 Uluguru4x4
Swali moja kwako: ule mkono wa valvu ulifungwa waya ukiwa juu au chini? Ukiwa juu, valvu inadhani umejaza mzigo muda wote, nyuma inapewa mafuta yote, na ukiwa mtupu kwenye mvua tairi za nyuma zitakupita. Ukiwa chini, ni kile nilichosema toka #16.

#42 MbogaMlalo
Katikati hivi. Nitapiga picha kukikucha.

#43 Mr_Chukuchuku
Wakati tunasubiri picha, kabichi Mombo jumla inaendaje wiki hii?